Shati Nililolizika Kichakani

Manchira, Jumapili mchana

Bhoke mwanangu,

Mimi mzima, mama yako mzima, na wewe najua u mzima maana nimekusikia asubuhi ukibishana naye kuhusu sufuria. Yeye anataka ubebe ile kubwa, wewe unataka ndogo. Sasa mmekwenda Mugumu wote wawili kumuaga shangazi yako na kununua begi, na hapa nimebaki mimi na mbuzi, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika. Kesho alfajiri pikipiki itakuja kukuchukua kukupeleka stendi, na kutoka hapo ni safari ya Morogoro, chuo cha kilimo. Unakwenda kusomea udongo. Bado nawaambia watu jambo hilo polepole, kwa sababu wengine hucheka. Wanasema mtoto wa mkulima anakwenda kufundishwa udongo.

Mambo ya nauli, chandarua, na kutokula kitu cha mtu usiyemjua kwenye basi, mama yako amekwisha kuyasema, na kesho mlangoni atayasema tena. Mimi nayaacha. Nina jambo moja tu la kukuambia, na nimelikalia miaka miwili. Ningelisema kwa mdomo, lakini unanijua. Nikianza kusema jambo linalonitia aibu napandisha sauti, na mwisho mwenye makosa anakuwa yule ninayemwambia. Kwenye karatasi sina wa kumfokea.

Basi nalisema kabla sijaanza kuzunguka. Moto ulioteketeza kichaka chetu cha juu, mwaka ule ulipokuwa kidato cha tano, ukaharibu kazi yako ya vitambaa, niliuwasha mimi. Mzee Wambura hakuuwasha. Ni mimi baba yako, kwa kiberiti kilichotoka jikoni kwetu. Sasa pumua kidogo, halafu uendelee kusoma, maana habari haijaishia hapo, na mwisho wake ni mwema kuliko nilivyostahili.

Unakumbuka ulivyokuja likizo ya mwezi wa tatu na mfuko wa vitambaa vya pamba, mashuka ya zamani ya bweni mliyoyakatakata. Nilikuuliza kama nimeuza dume langu ili mtoto akafundishwe kuzika matambara. Ulicheka, ukaniambia, "Tata, pamba ni jani tu lililosokotwa. Udongo ulio hai utalila." Ukazika vipande vinne vinne, kina cha kiganja kimoja: chini ya migunga kichakani, kwenye uwazi kati ya kichaka na kichaka, mahali palipokuwa zizi la yule jirani aliyehama, na kwenye shamba langu la mahindi. Kila mahali ukasimika kijiti chenye kizibo cha soda juu yake. Mbuzi waliving'oa vijiti viwili siku ya kwanza, ukavirudisha, ukawatukana mbuzi kwa Kikurya. Mimi nilikuwa nakutazama kwa mbali na nilikuwa na furaha, ingawa sikusema.

Mwezi wa sita ukarudi kufukua. Baba yako mdogo Marwa alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tarime, na akatufuata huko shambani na kikombe chake cha chai mkononi. Kichakani ulitoa kitu kama utando, ukikigusa kinakatika. Kwenye zizi la zamani hivyo hivyo. Kwenye uwazi kilikuwa kimeliwa nusu. Kisha ukafukua kwangu, shamba langu la mahindi ambalo nimelilima miaka kumi na miwili, na kitambaa kikatoka kizima, cheupe, hata mstari wa buluu wa shuka ulionekana. Marwa akakishika, akakikung'uta, akasema, "Hiki kifuliwe tu, mtu akivae kanisani."

Watu wote mlicheka. Mama yako alicheka, na wewe ulicheka huku umeziba mdomo. Halafu ukaacha kucheka ukanieleza kwa upole kabisa, kama mwalimu. Ukasema chini ya kichaka kuna viumbe wasioonekana kwa macho, wengi kuliko watu wote wa Mara na Kenya wakijumlishwa, na kuna nyuzi za ukungu zinazotembea kutoka mzizi huu hadi mzizi ule, na mchwa. Hao wanakula jani lililodondoka, kinyesi cha swala, nyasi iliyokufa, wakishakula wanaacha chakula ambacho mmea unaweza kukinywa. Mgunga nao una vinundu kwenye mizizi, ndani yake mna vijidudu vinavyochukua kitu kutoka kwenye hewa na kukifanya mbolea. Ukasema, "Tata, shambani kwako walaji wamebaki wachache. Na kama chini hakuna anayekula, juu hakuna kinachoshiba."

Maneno hayo leo nayapenda. Siku ile yaliniingia kama mwiba wa mgunga, na sikuutoa. Nilimtazama Marwa anavyotikisa kichwa, nikajua akifika Tarime atayasimulia. Na aliyasimulia.

Ngoja nikwambie kitu ambacho hukijui kuhusu shamba lile na mimi, kwa sababu kosa la moto lilikuwa na baba yake. Babu yako kule Tarime alikuwa hakai na zizi mahali pamoja. Kila baada ya misimu michache anang'oa miiba, anahamisha ng'ombe hatua mia au mia mbili, na mahali walipolala anapanda wimbi na maboga. Hakununua mbolea hata siku moja. Sisi vijana tulimcheka, tulichoka kukata miiba kila mara. Nilipohamia huku kwa sababu kule ardhi imebana, niliapa kwamba mimi zizi langu halitatembea. Nikajenga la nguzo na waya, la kwanza upande huu, watu wakaja kulitazama. Miaka kumi na miwili ng'ombe wamelala hapo hapo. Samadi ikawa mlima, unakumbuka mlikuwa mnateleza juu yake mkiwa wadogo. Hatua mia mbili kutoka hapo shamba langu lilikuwa linakufa njaa, na mimi kila baada ya mavuno nachoma mabua ili shamba lionekane safi. Nilikuwa naulisha moto kile ambacho walaji wako wangekula. Kisha mahindi yakitoka ya njano nakwenda dukani kununua mfuko. Ng'ombe wangu, ardhi yangu, miguu yangu mizima, nami nashindwa kubeba samadi hatua mia mbili kwa sababu nimejenga zizi zuri.

Kwa hiyo uliposema shamba halina walaji, hukunipa habari mpya. Nilikuwa najua kitu fulani hakiko sawa, na sikutaka kusikia kikitoka kwa mtoto wangu mbele ya mdogo wangu. Sikulaumu hata kidogo, ulisema kweli na ulisema kwa heshima. Lakini wewe ndiye utakayekuwa mtaalamu, utasimama katika mashamba ya wanaume wengi wenye vichwa kama changu. Ukikuta kitambaa kimetoka kizima, mwite mwenye shamba pembeni kwanza. Atakusikia vizuri zaidi kama hakuna anayemcheka.

Basi ukazika vitambaa vingine kabla ya kurudi shule. Ulitaka kulinganisha kiangazi na masika, na safari hii vingi uliviweka kichakani, ukaniambia, "Tata, nakuachia. Mwezi wa kumi na mbili nitavifukua, mwalimu anavisubiri." Uliniachia mimi.

Mwezi wa tisa tembo walikuja kutoka upande wa hifadhi. Walikula mihogo yetu siku tatu mfululizo, na mchana wanajificha humo humo kichakani, unaona migongo yao. Tulipiga madebe mpaka sauti zikakauka. Watu wote wanajua mimi nilichukia sana wiki ile, na ningekuambia kwamba nilichoma kichaka ili tembo wakose maficho, na ungenielewa, na ingekuwa nusu ya kweli. Nusu nyingine ni kicheko cha Marwa. Niliingia kichakani jioni tembo walipokuwa wametoka, nikaviona vizibo vyako vya soda vinang'aa juu ya vijiti. Niliviona, Bhoke. Nilisimama katikati yake. Nikasema moyoni, haya, tuone huo udongo ulio hai. Nikawasha.

Nimeandika sentensi hiyo mara tatu kwenye karatasi nyingine nikaichana. Nimeiacha sasa.

Nilidhani utaungua kidogo kisha uzimike. Upepo ukageuka. Moto ulikwenda mpaka karibu na bwawa, na visiki viliwaka chini kwa chini siku tatu, vinatoa moshi kwenye matundu kama mtu anapika huko chini. Kobe walikufa, na vifaranga wa kwale. Mizinga saba ya Mzee Wambura iliungua na nyuki ndani yake.

Huyo Mzee Wambura wewe unamfahamu tangu mtoto, lakini labda hukuwahi kufikiri anaishije hapa. Ni Mwikoma, si Mkurya kama sisi, mke wake alifariki, watoto wako mbali, na kazi yake ni kurina asali. Hana ng'ombe, na katika wazee wetu hana ndugu hata mmoja. Moto ulipotokea watu waliuliza nani kauwasha, na swali hilo lilikuwa na jibu jepesi, kwa sababu ni yeye anayetembea porini na kienge cha moshi. Wazee wakaitisha ritongo, kile kikao chao cha kuamua kesi. Mimi nilikwenda, nimevaa lile shati langu jeupe la pamba, nikakaa mstari wa pili. Mzee Wambura alisema hakuwa kichakani siku ile, alikuwa Robanda kwenye msiba. Wengine walianza kuyumba, wanataka kumwamini. Kisha mwenyekiti akaniuliza mimi, kwa kuwa kichaka kinapakana na kwangu, nami nikasema, "Nani mwingine hutembea na moto porini?"

Sikusema kwamba ni yeye. Nilijisifu kwa hilo njiani nikirudi nyumbani, eti sijasema uongo, nimeuliza swali tu. Walimtoza mbuzi, na wakamwambia asitundike tena mizinga upande wa kwetu. Mbuzi yule tulimla, na mimi nilikula.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinipeleka mbali, na kila siku ilitaka kulishwa. Ulipokuja mwezi wa kumi na mbili, ulikwenda kichakani kabla hujavua viatu vya safari. Ukarudi na vizibo vyeusi mkononi. Nilikuambia labda vitambaa viko chini bado, moto haufiki kina kile. Ukasema, "Hata nikivipata, tata, si kichaka tena. Sina cha kulinganisha." Ukakaa pale kwenye jiwe la kunolea panga ukalia, na mama yako akaniangalia mimi, hakukuangalia wewe.

Kesho yake tulikuwa tunapeleka ng'ombe bwawani, wewe mbele mimi nyuma, tukakutana na Mzee Wambura kwenye njia nyembamba. Alisimama pembeni kutupisha, akatabasamu, anasubiri shikamoo yako kama kawaida. Ulimwambia, "Mzee, umeniharibia masomo yangu kwa kijiko cha asali." Ukapita. Kabla ya hapo hukuwahi kumkosea mtu mzima heshima, na tangu siku hiyo mpaka leo hujamwamkia. Yeye alinitazama mimi, muda mrefu tu, mimi nikaanza kumpigia kelele ng'ombe ambaye hakuwa amefanya kosa lolote.

Kati ya yote niliyoyafanya, hilo ndilo lililokuwa linaniamsha. Kichaka huota tena. Lakini niliichukua heshima yako, mtoto wangu niliyekufundisha mwenyewe kupiga goti, nikaitumia kumpiga mtu asiye na kosa, nami nikiwa nyuma yako hatua tano, kimya.

Sasa kuhusu zizi. Mlishangaa wote mwezi ule wa kumi na mbili nilipong'oa nguzo za zizi langu maarufu na kulihamishia kwenye jivu la kichaka. Niliwaambia ni kupe. Hapakuwa na kupe. Sikujua namna nyingine ya kuomba msamaha, nikafanya aliyokuwa akifanya babu yako. Ng'ombe wakalala pale masika nzima, nami nalala nao kwenye kibanda kwa sababu ya fisi, na mama yako akasema nimeoa ng'ombe. Mvua ya kwanza iliponyesha nilisikia ile harufu ya udongo inapanda, nikakumbuka ulivyoniambia ukiwa kidato cha tatu, kwamba harufu ile ni kazi ya wale wadogo, wamelala kiangazi chote wakiwa wamekauka, na maji yakiwagusa wanaamka wote kwa pamoja wanaanza kupumua na kula. Nilikaa kwenye kibanda nikanusa nikasema, basi hawajafa wote.

Mwaka wa pili nikahamisha zizi tena mbele kidogo. Ule mlima wa samadi nikaanza kuubeba kwa toroli kupeleka shambani, na mabua nikaacha kuyachoma, nayalaza tu. Wewe uliona shamba limebadilika, ukaniuliza nani kanishauri. Nikasema nimesikia redioni. Ona sasa, hata kwenye jambo jema nilikuwa nadanganya.

Mwezi wa pili mwaka huu nikachukua lile shati langu jeupe, nikalipasua. Mgongo nikauzika shambani kwenye mahindi, na kifua na kola nikavizika kule kichakani, kina cha kiganja kimoja, kama ulivyofanya. Mama yako akalitafuta shati Jumapili. Nikamwambia ng'ombe amelila. Akasema, "Ng'ombe gani huyo anayekula mpaka kola?" Lakini hakuuliza zaidi. Baadaye, tukiwa tunapukuchua mahindi, akasema bila kuniangalia, "Mwita, mtoto atajua. Atajua kwako au atajua kwa watu. Chagua." Yeye alijua tangu jioni ile ya moto, ndiye aliyefua suruali yangu.

Nilipanga kufukua mwezi wa sita kama wewe. Sikufukua. Nilipita pale kila siku na ng'ombe nikatazama pembeni. Nilikuwa nimejiambia kwamba nikikuta shati limeliwa, nitakwambia habari yote, maana nitakuwa na kitu chema mkononi cha kukupa pamoja na hicho kibaya. Na nikikuta zima, basi. Ona mtu mzima anavyofanya biashara na udongo. Mwezi wa sita ukapita, wa saba, wa nane, barua ya chuo ikaja, mama yako akapiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi, na mimi nilifurahi nusu.

Jana nilichoka. Sikufukua chochote. Nilichukua fimbo nikaenda kwa Mzee Wambura mchana kweupe, nikamkuta anachonga mzinga. Nikamwamkia, akanipa kigoda. Nikasema, "Mzee, kichaka nilikichoma mimi."

Akaendelea kuchonga kidogo. Akasema, "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu ulipouliza lile swali lako kwenye ritongo. Mtu anayekula kwa nyuki hawezi kuchoma maua yao. Wewe ni mfugaji, unalijua hilo. Nikajua unaficha kitu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaweka panga chini. "Nimwambie nani? Kikao kilikuwa chenu, mbuzi alikuwa wangu."

Nikamwambia Alhamisi wazee wanakaa, nitasimama niseme mbele ya wote, na mbuzi wake nitamrudisha hapo hapo na mmoja juu yake, na mizinga saba nitachonga mwenyewe akinionyesha. Akasema mizinga sijui kuchonga, nitaharibu magogo yake, bora nimkatie miti. Kisha akasema, "Mbuzi sawa, mlete. Lakini hakuwa mbuzi aliyeniuma, Mwita. Huyo binti yako alikuwa ananiamkia tangu darasa la kwanza. Alikuwa anatoka barabarani kabisa, anaacha wenzake, anakuja kuniamkia. Nilikuwa napita ile njia makusudi."

Bhoke, nililia. Sijui kama umewahi kufikiri baba yako analia. Mzee akasubiri nimalize, akaniletea maji, akaniuliza unaondoka lini na basi gani.

Niliporudi nilikuwa mwepesi, nilikula ugali sahani mbili, mliona wenyewe mkanicheka. Na leo asubuhi, mlipokuwa mnabishania sufuria, nilichukua jembe nikaenda kufukua, kwa sababu sasa halikuwa na deni lolote, lilikuwa shati tu. Nilianza shambani. Kile kipande cha mgongo kimetoka kimetobokatoboka kama chujio la chai, unaona mwanga pande zote. Shamba halijawa kichaka, lakini kitambaa chake kanisani hakivaliki tena, mwambie Marwa. Kisha nikapanda kule juu. Najua utasema zizi huleta nyasi zaidi ya vichaka, na ni kweli, katikati ni nyasi tupu, ndefu, swala wamekwisha kuzijua. Lakini pembeni migunga imechipua kutoka kwenye visiki vile vile vilivyowaka, mingine imenifika magotini. Nikachimba karibu na mmoja. Udongo mweusi, umeshikana, una nyuzi nyeupe nyembamba kama za buibui. Nikachimba kiganja, nikachimba viwili, nikadhani nimekosea mahali.

Shati halikuwepo. Nilipokichambua kile kibonge cha udongo kwa vidole nikakuta vifungo vinne, na nikakuta uzi. Pamba imeliwa yote, lakini uzi wa mshono ni wa nailoni, walaji wako hawauwezi. Umebaki umejikunja vile vile kola ilivyokuwa, mshono unaizunguka shingo ambayo haipo. Nilikaa chini hapo nikaushika, nikacheka peke yangu kwa sauti, mbuzi wakanitazama. Wako hai, Bhoke. Nilifanya niwezavyo kuwaua na hawakukubali.

Nimeuweka uzi huo ndani ya bahasha hii na kifungo kimoja. Mwonyeshe mwalimu wako huko chuoni, atakueleza vizuri zaidi. Sijui kama ni ushahidi wa kisomi, sikupima wala kuandika tarehe. Ni shati nililolivaa siku niliyouliza lile swali. Utakapokuwa umekasirika nami, na utakuwa na haki, ukae na hasira yako kwa muda unaotaka. Sikuombi uifupishe. Naomba tu usiizike ndani kama mimi nilivyofanya na mwiba wa Marwa, kwa sababu mimi niliona mwiba ule ulivyotoka, ukawa moto.

Nasikia pikipiki bondeni, labda ni ninyi. Mkishaingia nitaiweka barua hii juu ya begi lako jipya, nami nitakwenda zizini kukamua. Nitakuwa huko mpaka giza. Ukitaka kuja kunifokea, njoo, nimekuandalia kigoda, na naahidi sauti yangu haitapanda. Usipotaka, nitaelewa, na kesho nitakubebea sufuria mpaka kwenye pikipiki bila kusema neno. Ile kubwa. Mama yako ameshinda.

Kitu kimoja tu naomba, wala usinifanyie mimi, mfanyie anayestahili. Kesho alfajiri pikipiki ikifika kwenye njia panda ya bwawa, mwambie dereva apunguze mwendo. Mzee Wambura atakuwa amesimama pale na chupa ya asali. Amesema atakuja ingawa hajui kama utasimama. Shuka, mwanangu. Mpe shikamoo yake.

Baba yako,
Mwita